Maboksi Tunayoyafungua Wawili

Mtanzania yeyote aliyewahi kuishi ughaibuni, ukimtajia neno boksi anajua unaongelea nini. Kubeba boksi ni zile kazi ambazo nyumbani usingezigusa, lakini huku ndizo zinazolipa kodi ya nyumba na kutuma hela kwa mama. Mume wangu anabeba boksi kwelikweli, maana yuko kwenye ghala la mizigo hapa Maryland, Marekani, zamu ya mchana. Mimi ni muuguzi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, zamu ya usiku. Kwa hiyo, mpenzi msomaji, ukisikia kwamba tuna maboksi mengine 12 ambayo hatulipwi hata senti moja, na kwamba kila Jumamosi tunayazungukia kwa miguu, unaweza kudhani tumerogwa.

Ni maboksi ya ndege. Vinyumba vidogo vya mbao juu ya nguzo za chuma, kila kimoja kina tundu la duara mbele na kimlango cha kufungua ubavuni. Ndani yake ndege wa porini wanajenga viota, wanataga, wanaangua, wanalea, wanaondoka. Kazi yetu ni kufungua, kuhesabu, kufunga na kuandika. Basi.

Nilipomweleza mama yangu kwenye simu alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Kwani mmeanza kufuga, mwanangu?" Nikamwambia hapana mama, ni ndege wa porini. "Mnawala?" Hatuwali. "Sasa mnawahesabia nini?"

Swali zuri hilo, na ndoa yetu imelijibu polepole kwa miaka mitano.

Ndege asiye na nyumba

Mhusika mkuu ni ndege ambaye Wamarekani wanamwita bluebird. Dume wa upande huu wa mashariki ana mgongo wa buluu iliyokolea na kifua cha rangi ya tofali la kuchoma. Ni mzuri, usipime! Lakini ana shida moja: anataga ndani ya matundu ya miti, na mdomo wake hauwezi kuchimba tundu. Anategemea matundu yaliyoachwa na vigong'ota au miti iliyooza. Binadamu wakakata miti mikavu, na nguzo za mbao za uzio zikabadilishwa kuwa za chuma. Nyumba za kupanga zikaadimika.

Halafu wakaja wapangaji wengine. Mwanzoni mwa miaka ya 1850 watu walileta shomoro kutoka Uingereza wakawaachia Brooklyn. Mwaka 1890 kwezi wa Ulaya wapatao 60 wakaachiwa kwenye bustani ya Central Park, New York. Wote wawili wanapenda matundu, na wote wawili ni wababe. Kufikia miaka ya 1970 bluebird alikuwa adimu sehemu nyingi. Ndipo mzee mmoja wa hapahapa Maryland, Lawrence Zeleny, aliyekuwa amestaafu utumishi wa wizara ya kilimo, akaandika kuhusu ndege huyu katika jarida la National Geographic mwaka 1977, na mwaka uliofuata akaanzisha chama cha kumtetea, North American Bluebird Society. Watu wa kawaida wakaanza kupigilia maboksi: wakulima, walimu, wastaafu, watoto wa shule. Ndege akarudi. Leo si wa kutafutwa kwa tochi.

Ila boksi peke yake halitoshi, na hapo ndipo wengi wanapokosea. Boksi lisiloangaliwa linageuka mtego. Bibi mmoja jirani yetu, mstaafu, alitunza maboksi ya bustani ya mtaa wetu kwa miaka mingi hadi magoti yakakataa. Mwaka 2021 akatukabidhi bisibisi, kioo kidogo chenye mpini na daftari. Akasema maneno ambayo ningependa kila harusi yasomwe: "Kama hamtakuwa mnayaangalia, yang'oeni kabisa."

Kuchungulia si kupekua

Unaanza kwa kugonga boksi taratibu kwa kidole. Hodi ni lazima, hata kwa ndege. Mama akiwa ndani anapata nafasi ya kutoka. Unafungua, unatazama, unahesabu, unafunga, ndani ya dakika moja. Huendi asubuhi mapema, kwa sababu saa hizo ndizo za kutaga. Huendi mvua ikinyesha, maana vifaranga wakiachwa bila kufunikwa wanapoa upesi. Jioni giza likiingia unawaacha wapumzike.

Ukishazoea, kiota kinakuambia mwenyewe ni cha nani. Bluebird anasuka kikombe safi cha nyasi laini au majani makavu ya msonobari. Mbayuwayu wa huku anatandika manyoya meupe, kama kitanda cha hoteli. Shomoro anajaza kila anachookota: majani, manyoya, vipande vya plastiki, hadi boksi linafurika. Na kuna kijindege cha kahawia, wenyewe wanakiita house wren, ambacho kinajaza vijiti vikavu mpaka huoni ndani.

Bluebird anataga yai moja kwa siku, mara nyingi manne au matano, ya buluu mpauko. Anaanza kuatamia kwa dhati akimaliza, na baada ya siku 12 hadi 14 yanaanguliwa. Kwa hiyo ukikuta mayai mawili Jumamosi, unaweza kupiga hesabu ya siku ya kuzaliwa kama nesi wa kliniki. Vifaranga wanatoka uchi, vipofu, wekundu. Baada ya wiki na ushee macho yako wazi. Wanaruka wakiwa na siku kati ya 16 na 21.

Sasa sikiliza sheria iliyonishangaza kuliko zote: vifaranga wakifikisha siku 12 au 13, hufungui tena. Ukifungua watashtuka na kuruka kabla ya wakati, wataanguka kwenye majani hawajui kuruka, na usiku huo paka atawamaliza. Kuanzia hapo unasimama mbali na kuwaangalia wazazi wakiingia na wadudu mdomoni. Kuwaona wazazi ndiyo habari yako. Huna haja ya kuona zaidi.

Nilipoisikia sheria hiyo nilimcheka mume wangu, kwa sababu wiki hiyohiyo tulikuwa tumezungumza habari ya rafiki yetu anayeshika simu ya mkewe kila anapoenda kuoga. Kuna wanandoa wanaopekuana mpaka kila mmoja anaishi roho juu. Na kuna wengine, kama tulivyokuwa tunaelekea sisi na zamu zetu, ambao hawafunguani kabisa. Naingia saa moja na nusu asubuhi, yeye ndiyo ametoka. Tunaachiana chakula kwenye friji na ujumbe kwenye simu: "Bili ya umeme nimelipa." Ukituuliza tungesema hatugombani. Kweli, hatukuwa tunagombana. Watu wasioonana watagombana saa ngapi?

Ile saa moja na nusu ya Jumamosi, mimi na macho ya usingizi, yeye na chupa ya chai, ikawa ndiyo ratiba yetu pekee ambayo mabosi hawakuipanga.

Mgeni anapomkuta mgeni

Usidhani ni kazi ya kimapenzi tu ya kutembea kwenye majani mabichi. Changamoto zipo, tena nyingi.

Nyigu wanajenga chini ya paa, ukifungua wanakusalimia usoni. Dawa ni kupaka sabuni ya kipande kwenye mbao ya juu, wanashindwa kushikiza nyumba yao. Kuna nzi ambao mabuu wao wanakaa chini ya kiota na kunyonya damu ya vifaranga usiku. Mwezi wa saba joto linageuza boksi kuwa oveni, na mwezi wa nne baridi ikirudi ghafla wadudu wanapotea, na vifaranga wanakufa njaa wazazi wakiwa palepale. Rakuni anaingiza mkono tunduni kama mtu anayetafuta chenji mfukoni.

Nyoka ndiye kiboko. Jumamosi moja ya Juni 2022 mume wangu alifungua boksi namba 4, akakuta nyoka mweusi amejikunja humo, ana vinundu vinne tumboni. Nyoka yule hana sumu, lakini nenda kamwambie hivyo mtu aliyekulia Dodoma. Daftari tulilikuta mita kumi kutoka pale! Tulicheka hadi machozi, kisha tukanyamaza, kwa sababu Jumamosi iliyotangulia tulikuwa tumewahesabu wale wanne. Tuliifunga kila nguzo bomba pana la bati ili nyoka na rakuni wasipande. Linasaidia sana.

Lakini kilichotugonganisha kweli ni shomoro.

Tundu la boksi lina upana wa sentimita 3.8. Kwezi hapiti, shomoro anapita. Akiingia anatoboa mayai, anaua vifaranga, na mama akikutwa ndani anaweza kudonolewa kichwani hadi afe, kisha shomoro akajenga kiota juu ya mzoga. Nimekikuta kitu hicho kwa macho yangu, na mimi ni mtu ninayeosha maiti kazini.

Sheria ya Marekani ya mwaka 1918 inawalinda ndege wa asili. Kiota cha bluebird, cha mbayuwayu, hata cha yule wa vijiti kikishaanza kutumika, hukigusi. Shomoro hana ulinzi huo, kwa sababu si mwenyeji. Unaruhusiwa kutoa kiota chake na mayai yake. Wapo wanaomtega na kumuua kabisa.

Mume wangu alikataa. Alisimama mbele ya boksi namba 9 na vile vijimanyoya vikining'inia tunduni, akaniambia, "Mke wangu, huyu kosa lake ni nini? Kaletwa na watu, kakuta nyumba, kaingia. Kesho mtu akija na daftari akasema na sisi si wa asili ya hapa?"

Hebu jiulize ungemjibu nini. Sisi tuna makaratasi yetu, lakini tunajua mlango ukigongwa usiku moyo unaenda wapi. Nilimwambia kwamba shomoro ana mabanda, ana mabango ya maduka, ana kila pembe ya paa la mji huu, wakati bluebird ana tundu hili tu. Akasema, "Ndivyo wanavyosema wote." Tukarudi nyumbani kila mtu na upande wake wa barabara.

Mjadala ule ulituchukua wiki tatu, na nakuambia ulikuwa na afya kuliko amani yetu ya kwenye friji. Tulisoma. Tukajifunza kwamba Uingereza kwenyewe, alikotokea, shomoro amepungua hadi yumo kwenye orodha nyekundu ya ndege walio mashakani tangu 2002, na huko watu wanampigilia maboksi yake! Ndege yuleyule, sehemu moja anafukuzwa, sehemu nyingine anabembelezwa. Tukagundua pia kwamba ubaya wake hapa hautokani na kuwa mgeni. Unatokana na boksi lenyewe. Ni sisi tuliolisimamisha, kwa hiyo linalotokea ndani yake linatuhusu.

Tukafikia mapatano. Hatuui. Tunatoa kiota cha shomoro kabla hajataga, kila tunapokikuta, naye anajenga tena kesho yake, nasi tunatoa tena. Maboksi matatu yaliyokuwa karibu na maghorofa na mahali watu wanapomwaga makombo tuliyahamishia uwanjani, mbali na shomoro. Na bluebird akishataga yai la kwanza, tunatundika juu ya paa la boksi vipande vya plastiki vinavyometameta. Mama mwenye yai anavizoea, shomoro anaviogopa. Siyo dawa ya asilimia mia. Ni mapatano ambayo sote wawili tunaweza kulala nayo.

Fomu haiulizi kosa ni la nani

Haya yanayofuata ni magumu kidogo kuyaandika.

Februari 2023 tulipoteza mimba ya wiki 11. Ilikuwa ya kwanza, baada ya kusubiri miaka minne. Niliporudi kazini siku ya tano, wazee wangu walikuwa na haja zao kama kawaida, na ghala la mume wangu lilikuwa na mizigo yake. Nyumbani hatukulizungumza. Mama mkwe alikuwa akipiga simu kila Jumapili na lile swali letu Waswahili, "Kuna jipya huko?" na mume wangu akijibu, "Salama tu, mama."

Nilikuwa nalala mchana najiuliza: ni zile zamu za usiku? Ni kuinua wagonjwa? Baadaye sana nilikuja kujua kwamba yeye naye, akiwa juu ya mashine ya kupakia mizigo, alikuwa anajiuliza ya kwake.

Msimu ukaanza Machi. Tukaenda, kwa sababu ni Jumamosi. Boksi namba 7 likapata mayai manne. Tulipiga hesabu yetu, tukaweka alama kwenye kalenda ya jikoni. Siku ikapita. Jumamosi iliyofuata mama alikuwa bado ameatamia. Iliyofuata pia. Tuligonga, akatoka, mayai yaleyale manne ya buluu, ya baridi kidogo. Yule ndege hakuwa amekosa lolote. Hakuna shomoro, hakuna nyoka, mvua haikuingia. Alifanya kila kitu.

Mpango wa NestWatch wa Chuo Kikuu cha Cornell, ambako tunapeleka taarifa zetu, unataka namba: mayai mangapi, yaliyoanguliwa mangapi, walioruka wangapi. Kiota kilichofeli nacho kinaandikwa, tena ni muhimu, kwa sababu watafiti wakipata viota vilivyofaulu tu watapata picha ya uongo. Mume wangu aliandika 4, kisha 0, kisha 0. Akafika kwenye nafasi ya maelezo, akaniuliza, "Tuandike sababu gani?"

Nikamwambia, "Haijulikani."

Akaandika. Akaliangalia neno hilo muda mrefu, kalamu mkononi. Kisha akakaa chini kwenye majani yenye umande, na suruali yake ya kazi, akasema, "Na sisi tuandike hivyohivyo."

Nilikaa pembeni yake. Hatukumaliza maboksi siku ile. Tulizungumza pale hadi jua likawa kali, yote, pamoja na jina ambalo kila mmoja wetu alikuwa amelichagua bila kumwambia mwenzake.

Jumapili yake mama mkwe alipopiga simu, mume wangu alimweleza. Mama alinyamaza, akasema, "Poleni sana, wanangu." Kisha akamwambia jambo ambalo mwanaye alikuwa hajawahi kulisikia: kwamba kabla yake walitangulia wawili. Tangu siku ile swali la "kuna jipya" halijaulizwa tena. Siku hizi anauliza, "Ndege wenu hawajambo?"

Najua mtauliza, je, sasa mna mtoto? Bado. Tunaendelea na kliniki. Bluebird akipoteza kiota mara nyingi anataga tena msimu huohuo, na anaweza kulea mara mbili au tatu kwa mwaka, lakini mimi si ndege na sitaki kumfanya mfano wa kujifariji. Ninachosema ni kwamba daftari lile lilitufundisha kuandika sifuri bila kumtafuta wa kumlaumu.

Kama na nyinyi mnataka

Huhitaji kuwa Maryland. Uliye Uingereza au Marekani, kuna mipango inayopokea taarifa za viota kutoka kwa watu wa kawaida, na ule wa Uingereza unaendelea tangu 1939. Kabla ya kufungua boksi lolote, soma kanuni za pale ulipo. Uliye nyumbani, kuna Kenya Bird Map na Tanzania Bird Atlas, unakopeleka taarifa za ndege ulioona. Na kama mbayuwayu wamejenga kwenye kibaraza chako, au mnana wamening'iniza viota kwenye mnazi, usipande, usiguse. Kaa chini na chai, angalia nani anaingia na nani anatoka.

Kwa wawili wanaopishana mlangoni kama sisi, ushauri wangu ni huu. Tafuteni kitu kimoja kilicho hai ambacho si chenu, hakiwapi faida, na kinachowataka mfike kwa wakati. Pigeni hodi kabla ya kufungua. Andikeni mlichokiona, siyo mlichokitarajia. Na kuna siku, hata kama mnatamani sana kujua yaliyomo ndani, fungeni kimlango msogee mbali, mtazame kutokea pale.